Fungate Bila Bahari? Twendeni Bariadi

Ukitaja fungate, wengi wetu akili inakimbilia Zanzibar. Ufukwe, madafu, picha mbili za machweo, basi. Sawa, lakini kama nyinyi wawili mmeshachoka na mchanga, na mfuko nao unalalamika, geuzeni macho Simiyu. Ndiyo, Simiyu! Mkoa huu ulianzishwa rasmi mwaka 2012, na makao makuu yake ni Bariadi.

Kufika si kazi. Kutoka Mwanza mnashika barabara ya Musoma mpaka Lamadi, karibu na Ziwa Victoria, halafu mnakata kulia. Hapo ni lami, kama kilometa 70 hivi. Njiani nchi ni tambarare, mashamba ya pamba huku na huku. Mara, katikati ya tambarare, jabali! Halafu lingine. Vilima vya mawe vimekaa kimoja kimoja kama visiwa.

Nani kayapanga?

Hakuna aliyeyapanga. Ni itale, mawe magumu ya ukoo uleule wa miamba ya Mwanza, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2. Zamani yalifunikwa na udongo. Maji yakapenya kwenye nyufa, yakayala mawe taratibu huko chini. Baadaye mvua na upepo vikaondoa udongo, vikabaki vipande vigumu, vingine vimebebana utadhani vitadondoka kesho.

Wasukuma wanausoma udongo kama sisi tunavyosoma meseji. Kichanga kilichomomonyoka karibu na mawe wanakiita luseni. Chini yake inakuja itogolo, ngumu, isiyopitisha maji haraka, ndipo wanapotengeneza majaluba ya mpunga. Bondeni kabisa ni mbuga, udongo mweusi unaonata mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka.

Jua kali, mti mjanja

Mvua huanza Oktoba au Novemba mpaka Mei. Baada ya hapo, anga inafunga duka. Ikifika Septemba, mito mingi ni mchanga mtupu. Sasa mti unaishije?

Kila mmoja na mbinu zake. Mbuyu unaweka akiba ya maji kwenye shina na kupukutisha majani. Mgunga una vijani vidogo na miiba mirefu. Mnyaa, ule wa kuzungushia miji, umeachana na majani kabisa, unajitengenezea chakula kwa vijiti vyake vya kijani. Msiuvunje ovyo, utomvu wake mweupe ukiingia jichoni mtalia siku nzima. Na mshubiri unatunza maji kwenye majani yake manene.

Lakini tazameni chini ya jabali. Jiwe halinywi maji, kwa hiyo mvua yote inateremka mpaka kwenye kitako chake. Hapo utaukuta mkuyu umepitisha mizizi kwenye ufa, umenawiri wakati shamba la jirani limekauka. Pimbi nao wamejaa, wanaota jua asubuhi.

Jangwa lililokataa

Bariadi, Maswa na Meatu zilipokuwa bado mkoa wa Shinyanga, eneo lote lilibatizwa jina la Jangwa la Tanzania. Tangu miaka ya 1920 miti ilikatwa kwa wingi kufukuza mbung'o, halafu yakaja mashamba ya pamba, kuni na mifugo mingi. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga. Uliposhika kasi ni pale ulipowarudisha watu kwenye mila yao wenyewe: ngitili. Familia au kijiji kinafunga kipande cha malisho mvua zinapoanza, kinafunguliwa kiangazi kinapokaza. Anayevunja utaratibu, dagashida, baraza la wananchi, linamtoza faini. Visiki vikachipua vyenyewe, zaidi ya hekta 300,000. Mwaka 2002 mradi ukapata tuzo ya kimataifa ya Equator.

Hapa ndipo panapowahusu nyinyi. Wengi mnaosoma ukurasa huu mna ngitili ya familia huko kwenu, au ukweni. Wazee wanazeeka, vijana mko mjini, na mnunuzi wa mkaa ana pesa taslimu. Pamba nayo inataka shamba jipya. Neno moja tu kwenye simu, “uzeni”, na miti ya miaka 30 inaisha ndani ya wiki mbili. Baada ya hapo anayetembea mbali kutafuta kuni ni mama mkwe wako, siyo wewe. Mlizungumze wawili, kabla hamjaulizwa.

Mkitaka kwenda

Nendeni Mei mwishoni au Juni: nchi bado kijani, usiku una kaubaridi kazuri ka kukumbatiana. Vaeni viatu vilivyofunga, bebeni maji ya kutosha, pandeni mawe asubuhi kabla hayajawaka moto. Ombeni ruhusa kwa mwenyekiti wa kijiji, maana vilima vingine vina sehemu za mizimu. Mkikutana na mzee asubuhi, msipite kimya. Mwambieni “Mwangaluka!” Atawaonyesha mwenyewe njia ya kupandia.