Tumshikie mtoto, aandike

Mama wenzetu, vumbi la machimbo tunalifagia kila asubuhi. Mwaka 2018 watafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba mkojo wa watoto wa Kasulo una kobalti nyingi mno. Tunataka binti zetu wenye doktora waiendeleze kazi hiyo. Umoja wa Ulaya una ufadhili wenye jina la Marie Skłodowska-Curie, mjane aliyelea mabinti wawili. Mwombaji hutafuta kwanza profesa wa kumpokea chuoni kwake, na miaka 8 isiwe imepita tangu apate doktora. Likizo ya uzazi haihesabiwi humo, na posho ya familia ipo. Basi binti akikesha anaandika maombi, tusimwambie ameacha nyumba. Tumshikie mtoto.