Ukuta wa gereza uliomlea mwandishi

WAHENGA walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Msomaji akitaka kujionea matanga hayo, na afunge safari hadi London, kusini mwa mto Thames, ashukie katika kituo cha treni cha Borough. Ng'ambo ya barabara ataliona kanisa la St George the Martyr. Kando ya kanisa pana bustani ndogo, na mpaka wa bustani hiyo ni ukuta mrefu wa matofali makuukuu. Ukuta huo ndio masalio ya Marshalsea, gereza walimotiwa watu walioshindwa kulipa madeni.

Humo ndimo alimofungwa Bwana John Dickens mnamo Februari 1824. Alikuwa karani katika ofisi ya mishahara ya jeshi la majini, mcheshi na mkarimu, lakini fedha hazikukaa mfukoni mwake. Aliyemshtaki ni mwoka mikate aliyekuwa akimdai pauni 40 na shilingi 10. Vyombo vya nyumbani vilikuwa vimekwisha kuwekwa rehani. Baadaye mkewe na watoto wadogo walihamia humo humo gerezani, maana sheria za siku zile ziliruhusu.

Mwanawe Charles, aliyezaliwa Portsmouth tarehe 7 Februari 1812, alikuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 12. Jamaa mmoja wa familia alimtafutia kibarua katika kiwanda cha rangi ya viatu, ukingoni mwa mto, karibu na mahali kilipojengwa baadaye kituo cha treni cha Charing Cross. Kazi yake ilikuwa kufunika vikopo vya rangi kwa karatasi, kuvifunga kwa uzi na kubandika lebo. Ujira ulikuwa shilingi sita au saba za Uingereza kwa juma. Masomo yakakatika.

Hatimaye kijana huyo alipangiwa chumba katika mtaa wa Lant Street, hatua chache kutoka gerezani. Asubuhi alistaftahi na wazazi wake huko ndani, akaenda kazini, jioni akarudi kula nao chajio. Kisha akatoka kwenda kulala peke yake kabla lango halijafungwa.

Baba aliachiliwa mwishoni mwa Mei mwaka huo huo. Hata hivyo, mtoto aliachwa kiwandani kwa muda zaidi, hadi baba alipozozana na yule jamaa akamwondoa. Mama alitaka arudishwe kazini. Pengine tusimlaumu upesi, kwani aliyeijua njaa ya nyumba ile ni yeye. Baba alikataa, akasema mtoto aende shule. Charles alikwenda shule, lakini neno la mama lilibaki moyoni kama mwiba hadi uzeeni.

Mnamo 1836 alianza kutoa riwaya ya Pickwick Papers, sehemu moja kila mwezi kwa shilingi moja, hata asiyemudu kununua kitabu kizima akapata kusoma. Sifa zake zikavuma Uingereza na Marekani. Lakini habari za kiwanda na gereza alizificha kwa aibu, akamsimulia rafiki yake John Forster. Wasomaji walizijua baada ya Dickens kufariki tarehe 9 Juni 1870, Forster alipoandika maisha yake.

Hata hivyo, kikulacho ki nguoni mwako. Katika David Copperfield kuna mtoto anayeosha chupa ghalani. Katika Little Dorrit, iliyotoka kati ya 1855 na 1857, kuna msichana aliyezaliwa Marshalsea. Gereza lenyewe lilikuwa limefungwa tangu 1842, na Dickens alirudi mwaka 1857 kuangalia kilichosalia. Mwaka 1869 Bunge lilipitisha sheria iliyokomesha kufungwa kwa wadaiwa wengi. Hatuwezi kusema kalamu yake peke yake ndiyo iliyoleta sheria hiyo, lakini wengi waliosoma riwaya zake walikuwa wamekwisha kuingia gerezani humo pamoja naye.

Mgeni akiingia katika lile kanisa, aangalie dirisha la vioo vya rangi nyuma ya madhabahu. Ataona kisura kidogo cha msichana aliyepiga magoti. Huyo ndiye Little Dorrit, mtoto wa gerezani aliyepewa nafasi miongoni mwa watakatifu.

Kisha atembee hadi Lant Street. Katika mtaa huo, alikolala kijana asiye na shule, leo ipo shule ya msingi. Jina lake ni Charles Dickens.