Vazi Lisilositiri: Vihisi vya Mwendo na Ngoma za Mwambao wa Tanga

Katika mwambao wa Tanga vazi halijawahi kuwa nguo tu. Kanga husema, buibui husitiri, na kanzu humpa mwanamume heshima yake mbele ya watu. Sasa limepatikana vazi la namna nyingine, lisilosema wala kupamba: vazi la vihisi, lililobuniwa kunasa mwendo wa mwili na kuugeuza kuwa tarakimu. Kwa muda mrefu lilijulikana zaidi kwa watengenezaji wa filamu na michezo ya kompyuta. Leo ni jepesi kiasi cha kubebwa katika sanduku moja hadi Pangani au Moa, na mtafiti wa ngoma aliyechoka kueleza mchezo kwa maneno matupu hana budi kulitamani. Kabla ya kulitamani mno, inafaa ajue linavyofanya kazi, na linamfanya nini anayelivaa.

Maandalizi huanza kwa futi kamba, kama kwa fundi cherehani. Hupimwa kimo, urefu wa unyayo, kimo cha goti na cha nyonga kutoka ardhini, upana wa mabega, na urefu wa mikono iliyonyooshwa pande mbili. Vipimo hivi ndivyo vinavyoiwezesha programu kuunda kiunzi cha mifupa kitakachocheza katika kioo cha kompyuta. Mtafiti mwanamume anayedhani kuwa kazi hii ni ya kiufundi tu, na kwamba anaweza kumpima mwanamke wa Ngamiani nyonga kwa mkono wake mwenyewe, amekwisha kushindwa kabla ya kuwasha mtambo.

Baada ya vipimo hufungwa vihisi. Mpangilio uliozoeleka una vihisi 17, kila kimoja kikikaribia ukubwa wa kiberiti: kichwani, kifuani, kiunoni kwa nyuma, kisha viwili viwili mabegani, mikononi juu na chini ya kiwiko, viganjani, mapajani, miundini na miguuni. Ndani ya kila kihisi mna vipimio vitatu. Kimoja hupima mchapuko, cha pili hupima kasi ya mzunguko, na cha tatu husoma uga wa sumaku wa dunia, kama dira ya nahodha. Hicho cha pili ni chepesi na sahihi kwa muda mfupi, lakini makosa yake madogo hulimbikizana, hata mkono uliotulia ukaonekana katika kioo ukizunguka polepole wenyewe. Kosa hilo husahihishwa kwa kurejea mvuto wa ardhi na kaskazini ya sumaku.

Hapo ndipo mahali panapoanza kuingilia kazi. Nondo zilizo katika sakafu ya saruji, gari lililoegeshwa kando ya uwanja, jenereta, na hata spika kubwa za taarabu, ambazo zina sumaku ndani yake, huipotosha dira hiyo. Upatu wa shaba hauna madhara hayo. Sinia la chuma linalopigwa badala yake linayo. Uwanja wa mchanga ulio mbali na nyumba hufaa zaidi, ila huko nako miguu hudidimia, na programu nyingi hukadiria mahali alipo mchezaji kwa kudhani kuwa mguu uliokanyaga umesimama imara.

Kisha hufuata usawazishaji. Mchezaji husimama wima, mikono imeshuka, kimya kabisa. Halafu hutembea hatua chache, hugeuka, hurudi. Tendo hili huufundisha mtambo uhusiano wa kila kihisi na mfupa wake. Wakati wa kaskazi, jasho hulegeza mikanda upesi, na mkanda ukiteleza upana wa vidole viwili tu, kila kitakachorekodiwa baadaye kitakuwa na kasoro ambayo huenda mtambo usiibainishe. Kwa hiyo usawazishaji hurudiwa kila baada ya mchezo, jambo linalowaudhi wapiga ngoma, ambao wameshapasha ngozi moto na hawaoni kwa nini wasubiri.

Yote hayo ni matatizo ya fundi, na fundi mvumilivu huyashinda. Lipo jingine lililo zito zaidi, nalo linahusu kiuno. Katika chakacha, na katika baikoko iliyovuma sana Tanga, ujuzi wa mchezaji umo katika sehemu iliyo kati ya mbavu na nyonga. Wengine wote husogeza miguu. Mweledi huonekana kwa jinsi anavyoweza kutenga kiuno na kifua, akapitisha wimbi moja taratibu huku mabega yametulia kana kwamba amebeba mtungi. Katika mpangilio ulioelezwa hapo juu, kiuno kina kihisi kimoja na kifua kimoja. Pingili za uti wa mgongo zilizo baina yao hazipimwi. Hukadiriwa kwa hesabu, kwa kugawanya tofauti ya vihisi hivyo viwili. Yaani pale penye elimu yenyewe ya mchezo, mtambo hubahatisha. Ukadiriaji huo humtosha anayehuisha askari anayekimbia katika filamu. Anayedai kuwa amehifadhi chakacha kwa njia hiyo anadai kingi mno.

Hali kadhalika, tendo halikai katika viungo peke yake. Mulokozi, katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi iliyotoka katika jarida la Mulika mwaka 1989, alisisitiza kuwa fasihi simulizi ni tukio, lenye fanani, hadhira, mahali na wakati wake. Mfano mwema ni utoaji wa tuzo katika taarabu, ambao Kelly Askew, aliyefanya utafiti Tanga, aliuchambua katika kitabu chake cha mwaka 2002. Mwanamke huinuka kitini, huenda mbele akicheza taratibu, noti mkononi, humtuza mwimbaji, hurudi. Kwa vihisi, huo ni mwendo wa hatua kadhaa na mkono mmoja ulioinuka. Kwa waliohudhuria, la muhimu ni kuwa aliinuka katika beti gani, alipita mbele ya nani, na mkono ulielekea upande gani alipokuwa anapita. Ugomvi wa mtaa mzima unaweza kuwamo humo, na tarakimu zisiwe na hata chembe yake.

Wapo watakaojibu kwamba, pamoja na upungufu huo, vazi hili lina fadhila moja kubwa katika jamii ya Kiislamu ya mwambao: halina picha. Mahali ambapo kamera hukatazwa, kama katika ngoma za wanawake watupu, vihisi vingeweza kuruhusiwa kwa kuwa havichukui uso, ngozi wala nguo. Hoja hii inavutia, na ndiyo ya hatari kuliko zote.

Ni hoja yenye historia. Katika miaka ya 1880 Étienne-Jules Marey, jijini Paris, aliwavika watu nguo nyeusi zenye mistari myeupe kwenye mikono na miguu, akawapiga picha mfululizo ili mwili utoweke na ubaki mwendo tu. Mwaka 1895 Félix-Louis Regnault alitumia mbinu ya Marey kwa watu wa Afrika Magharibi waliokuwa wakionyeshwa huko huko Paris, akitafuta katika utembeaji wao alama za mbari. Kuondolewa kwa uso hakukuwapa watu hao stara. Kuliwafanya kuwa mifano. (Mwambao nao ulijua kunasa mwendo wa wengine: katika beni, ambayo Terence Ranger aliandikia kitabu mwaka 1975, vyama kama Marini na Arinoti viliiga gwaride la wakoloni. Lakini mwigaji wa beni alionekana uso wake, na alijibika kwa alichokiiga.)

Wala si kweli kwamba mwendo hauna uso. Mwaka 1973 Gunnar Johansson alionyesha kuwa nukta chache za mwanga zilizofungwa kwenye viungo zinatosha kumfanya mtazamaji atambue mtu anayetembea. Mwaka 1977 James Cutting na Lynn Kozlowski wakaonyesha kuwa marafiki huweza kutambuana kwa nukta hizo, ingawa si kila mara. Jambo hili halimshangazi mtu wa Tanga. Aliyekulia mahali ambapo wanawake hupita na buibui amejifunza tangu utotoni kumtambua shangazi yake, au mke wa jirani, kwa mwendo akiwa bado mbali.

Faili litokalo katika vazi hili ni dogo. Mchezo wa dakika 10, ukipimwa mara 60 kwa sekunde, hutoa mikao 36,000, nayo hutumwa kokote kwa dakika chache. Huko iendako huvishwa mwili wowote: wa mwanasesere, wa katuni ya tangazo, au wa mwanamke aliyechorwa uchi. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inazihifadhi sanaa za jadi, ngoma zikiwamo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki juu ya taarifa zake. Lakini kungwi aliyeombwa ruhusa hatauliza kwanza habari za sheria. Ataketi mkekani, ataligeuzageuza vazi, kisha atauliza: “Haya, mwanangu, na hicho kilichomo humo, mwanamume akikifungua ataona nini?”

Mtafiti mwaminifu ana jibu moja tu la kumpa, nalo ni kumwonyesha. Awashe kompyuta palepale uani, mbele ya wanawake waliocheza, aucheze mchezo uliorekodiwa ukiwa mifupa mitupu, na faili libaki mikononi mwao mpaka watakapoamua lifutwe au lichukuliwe. Na asishangae iwapo, kabla mifupa haijamaliza mzunguko wa kwanza, mtu nyuma ameshaangua kicheko na kutaja jina.