Dunia ya Sentimita Kumi

Kwa miaka kumi na zaidi nimekuwa mwalimu wa hesabu na jiografia, na katika miaka hiyo yote kalamu yangu nyekundu imekuwa na ukali mmoja ambao wanafunzi wangu wanaujua sana. Mtoto akiandika jibu sahihi lakini akasahau kutaja kipimo chake, yaani akaandika 12 mahali pa mita 12, mimi humpunguzia nusu alama. Wakilalamika huwauliza: kumi na mbili ya nini? Ng'ombe, vijiko au maili? Wao hucheka, na nusu alama hairudi. Nataja jambo hili mapema ili msomaji alikumbuke nitakapofika mahali pa aibu yangu.

Shule yetu ni ndogo, nayo i juu ya vilima vya Taita, mwendo wa miguu kutoka Wundanyi. Asubuhi nyingi ukungu huingia darasani bila kubisha hodi. Ukutani pana ramani kuukuu ya dunia niliyoikuta nilipoajiriwa, imepasuka pembeni na kubandikwa karatasi. Ni ramani ya mtindo wa Mercator, aliyeutoa mwaka 1569 kwa faida ya mabaharia. Huonyesha mielekeo sawasawa, walakini nchi zilizo karibu na ncha za dunia huzitanua kupita kiasi. Siku moja mvulana mmoja wa darasa la sita alisimama akauliza kwa nini Greenland, ambayo ni kubwa kama Afrika, ina watu wachache hivyo. Nilimjibu kuwa Afrika ina eneo la kilomita mraba milioni 30 hivi, na Greenland milioni 2 na kidogo. Kwa hiyo Afrika ni kubwa takriban mara kumi na nne. Mvulana aliutazama ukuta, akanitazama mimi, nami niliona wazi kuwa ameuamini ukuta.

Kesho yake nilileta chungwa. Nililimenya polepole, nikajaribu kulilaza ganda lake juu ya meza, likapasuka kama nilivyotaka lipasuke. Walielewa kuwa kitu cha mviringo hakilali bapa bila kuraruka au kuvutwa. Lakini chungwa halina Afrika wala Greenland, na mvulana yule hakuridhika. Ndipo darasa lilipoamua kuwa lazima tupate tufe lenye ramani ya dunia.

Darasa la sita lilikuwa na kibustani nyuma ya tangi la maji. Walipanda sukuma wiki na kabeji, wakanyweshea kwa makopo wakati wa kiangazi, wakauza fungu kwa fungu kwa walimu na kwa akina mama wafanyao biashara sokoni. Fedha zilitunzwa ndani ya kopo la kakao, na mweka hazina alikuwa msichana mmoja mwembamba, asiyecheka ovyo, aliyeandika kila shilingi katika daftari ambalo mistari yake aliipiga mwenyewe kwa rula. Baada ya mihula miwili kopo lilikuwa na shilingi 2,400. Duka moja la vitabu mjini Voi lilikuwa na tufe zuri, lakini bei yake ilikuwa 3,500. Ilitupasa kungoja muhula mwingine, na mimi sikuwa na subira.

Usiku mmoja, mke wangu na mtoto wamekwisha kulala, niliketi na simu yangu nikaanza kutafuta mtandaoni. Nadhani wasomaji wangu vijana wanaujua usiku wa namna hiyo kuliko mimi. Viatu hupita, saa hupita, masufuria hupita, kila kimoja kimeng'arishwa, hakuna chenye vumbi. Kisha nikaliona. Tufe la buluu, limesimama juu ya meza ya mwalimu kando ya vitabu vitatu vinene, na nyuma yake ubao mweusi. Bei ilikuwa shilingi 1,850, na kulisafirisha mpaka Wundanyi 350. Jumla 2,200! Nililipima kwa macho nikasema moyoni kuwa kipenyo chake hakipungui sentimita 30. Hata nililiona limekwisha simama juu ya meza yangu, na mvulana wa Greenland amefunga kinywa.

Kulipa hakukuchukua hata dakika moja. M-Pesa ilipoanza, Machi 2007, nilikuwa bado mwanafunzi, na nakumbuka watu wazima wakistaajabu kuwa fedha yaweza kwenda bila miguu. Siku hizi hatustaajabu tena. Mimi hudhani kuwa ule uzito wa kuhesabu noti kidole kwa kidole ulikuwa na faida yake, kwa maana humpa mtu nafasi ya kujiuliza mara ya pili. Mama yangu mzazi hanunui sufuria mpaka aigonge kwa kifundo cha kidole na kuusikiliza mlio wake. Leso huikunjua yote, akapima upana wake kwa mkono. Samaki humnusa, parachichi hulibonyeza karibu na kikonyo, na maharagwe huyatafuna mawili matatu mbele ya mwenye kuuza. Nilipokuwa mdogo niliona haya kufuatana naye sokoni. Hununua kwa macho, mikono, pua, masikio na meno. Mimi usiku ule nilinunua kwa macho peke yake, na macho yenyewe yalikuwa na usingizi.

Kifurushi kilipanda basi Nairobi, kikashuka Voi, kikapita Mwatate kwa matatu na kupanda vilima mpaka kwetu. Siku ya nne, Ijumaa jioni, nilipigiwa simu nikashuka kukichukua. Kijana wa ofisini alinipa kikasha kilichoenea katika kiganja cha mkono. Nilimshukuru nikamwuliza kingine kiko wapi. Akatazama kitabu chake akasema hakuna kingine. Nilijifariji njiani kuwa hiki ni kile kigingi cha kusimamishia, na tufe lenyewe linafuata.

Nilikifungua nyumbani. Ndani mlikuwa na dunia nzima, haikupungua bara wala bahari, nayo ilikuwa na ukubwa wa chungwa. Mtoto wangu wa miaka mitatu alidhani ni mpira, akaupiga teke. Mke wangu alicheka mpaka akaketi chini. Kisha akauliza ni fedha za nani, nami nilipomwambia aliacha kucheka.

Usiku nilirudi katika ukurasa ule kwa hasira ya mtu aliyeibiwa. Picha ilikuwa ile ile. Niliteremka chini, nikapita rangi, nikapita uzito, na katika mstari wa saba, kwa herufi ndogo lakini zinazosomeka, palikuwa na maneno haya: kipenyo, sm 10. Niliyasoma mara nyingi. Nilimwandikia mwuzaji, naye alijibu upesi na kwa adabu kuwa maelezo yalikuwa wazi. Kwamba naweza kukirudisha kitu chake katika siku saba, nauli ya kwenda juu yangu, na ile ya kuja hairudi.

Je, nilidhulumiwa? Nimelifikiri jambo hili sana. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 46, humpa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, na haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike na bidhaa hizo. Na Sheria ya Kuwalinda Wateja ikatungwa mwaka 2012. Habari nilipewa. Lakini picha nayo ni habari, na aliyekiweka kitu kidogo kando ya vitabu, kisha akavifanya vitabu hivyo vionekane vikubwa, alijua jicho la mtu litakwenda wapi. Kwa hiyo sikumwachilia. Walakini nilipotaka kulala na hatia yote nimemtwika yeye, kalamu yangu nyekundu ilinijia mbele ya macho. Kumi na mbili ya nini? Watu husema mtu ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Gunia langu lilikuwa wazi na lina maandishi.

Lililonisumbua zaidi ni Jumatatu. Jumamosi na Jumapili nilitunga njia tatu za kujiokoa. Ya kwanza, kuwaambia watoto kuwa mzigo umechelewa. Ya pili, kusema kuwa nimetapeliwa na watu wabaya wa Nairobi, maneno ambayo hapana mzazi kijijini ambaye asingeyaamini. Ya tatu, kukopa fedha, kwenda Voi kimya kimya, na kuleta tufe kubwa kana kwamba ndilo lililoagizwa. Hii ya tatu ilinipendeza mno, maana ilikuwa na sura ya ukarimu. Nilikwisha mwuliza mwenzangu mmoja kama ana akiba. Lakini kila nilipoitazama kwa karibu niliona kuwa uongo wake ni mkubwa kuliko ule wa kwanza, tena ungenigharimu nauli.

Jumatatu asubuhi, kabla sijaweka vitabu mezani, mweka hazina alisimama. "Mwalimu, dunia yetu imefika?"

Nilisema imefika. Nilikitoa kikasha katika mfuko wa koti, na neno "mfuko" latosha kueleza mengine. Darasa lilinyamaza. Watoto wa nyuma waliinuka kwenye madawati wakitafuta ninaonyesha nini. Nikakumbuka chuo cha ualimu, ambako mkufunzi wetu alitulazimisha, kabla ya kila somo la mazoezi, twende tukaketi dawati la mwisho tujionee wenyewe kama kifaa chetu chaonekana. Niliwaeleza yote: usiku, picha, herufi ndogo, majibu ya mwuzaji. Sikuziacha zile njia tatu, ingawa ile ya kukopa niliitaja kwa haraka.

Msichana aliomba kuuona ukurasa. Nilimpa simu. Alisoma polepole, akiteremsha kwa kidole, mpaka akafika.

"Mwalimu, kipimo kimeandikwa. Sentimita kumi."

"Ndiyo, kimeandikwa."

"Basi ni nusu alama," akasema. Hakucheka, lakini darasa zima lilicheka kwa niaba yake, na mimi nilicheka mwisho wa wote.

Niliweka shilingi 2,200 juu ya meza. Hapo pakawa na ubishi. Wengine walisema Mwalimu hakuiba, asilipe. Mmoja akasema tugawane hasara nusu kwa nusu. Mvulana wa Greenland akasema bustani ilikuwa na jua kali. Nakiri kuwa nilitumaini watakataa fedha zangu. Mwalimu naye ana kodi ya nyumba. Mweka hazina alizichukua, akazihesabu mara mbili, akaandika katika daftari, akafunika kopo. Kwa muda wa kama dakika moja moyo wangu uliuma. Kisha nikamtazama akipiga mstari wake kwa rula chini ya hesabu, nikaona kuwa kama ningekuwa na fedha za kutunzwa ningempa yeye.

"Sasa dunia hii ni ya Mwalimu," akasema, "lakini tutaiazima."

Tuliiazima siku ile ile. Kwa kuwa haikuonekana kutoka nyuma, ilibidi ipite mkono kwa mkono, na hivyo hapakuwa na mtoto ambaye hakuishika. Walizungusha uzi katika ikweta yake, wakaupima kwa rula: sentimita 31 na milimita 4. Ikweta ya kweli ni kilomita 40,000 na kidogo, basi wakagawanya, wakapata kuwa kila sentimita moja ya dunia yetu ni kilomita 1,270 na zaidi. Mombasa na Nairobi, zilizoachana kilomita 440 hivi kwa njia ya ndege, zilitengwa kwa milimita tatu na nusu, na kidole cha mtoto kilizifunika zote mbili pamoja na sisi wenyewe vilimani. Wote waliandika vipimo. Nilisahihisha madaftari arobaini usiku ule, na hapana aliyepoteza nusu alama.

Mvulana wa Greenland alikaa nayo kuliko wenzake. Aliigeuza huku na huku, akaweka ukucha wa kidole gumba juu ya Greenland, kisha akaanza kuupandisha na kuushusha ukucha huo juu ya Afrika, akihesabu kwa midomo bila sauti. Alipomaliza aliangalia ramani ya ukutani kwa jicho la mtu aliyedanganywa na mkubwa wake.

Muhula uliofuata kabeji zilistawi. Tulikwenda Voi, mimi na watoto wawili waliochaguliwa na darasa, nao wakachukua rula. Mwenye duka alishangaa kuona wanazungushia tufe lake uzi kabla hawajauliza bei. Lilikuwa la sentimita 30, nalo sasa lasimama darasani, laonekana hata kutoka dawati la mwisho.

Lile dogo liko mezani pangu, ndilo linalozuia karatasi zisipeperuke upepo unapopanda kutoka bondeni. Siku moja nilipolinyanyua niliona mtu amebandika kikaratasi chini ya kigingi chake. Juu yake, kwa mwandiko ninaoujua, na mstari uliopigwa kwa rula, pameandikwa: sm 10.