Hata Mchungwa wa Kubebesha Umesimama Juu ya Mbegu

Huku Uingereza hupandwa mti wa ukoo wa michungwa unaohimili baridi ya karibu nyuzi 20 chini ya sifuri. Asili yake ni China na Korea, na wataalamu huuita Poncirus trifoliata. Majani yake huota matatumatatu, na baridi ikiingia hupukutika yakabaki matawi ya kijani yenye miiba ya kutisha. Matunda ni madogo, ya manjano, yana malaika juu ya ganda, na ni machungu kiasi kwamba aliyeonja haombi la pili. Watu huupanda kwa urembo na kwa ua wa miiba, na wengi huuotesha kwa mbegu bila kuona haya. Nyumbani Tanzania, ukisema mchungwa wako ni wa mbegu unaonekana mshamba ambaye hajasikia habari za kubebesha. Dharau hiyo naiona haina msingi, maana hata huo wa kubebesha chini ni mche wa mbegu.

Tazama kazi ya kitalu cha michungwa Muheza au popote pengine. Mbegu za limau husiwa, mche ukifikia unene wa penseli hubebeshwa kikonyo cha chungwa tamu. Mlimau hupendwa kwa sababu mizizi yake huvumilia ukame, na pia huvumilia tristeza, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na vidukari, ambao umeuharibia mdanzi sifa ya kuwa shina la machungwa matamu. Wapo watakaosema mche wa mbegu haufanani na mama yake. Kwa tofaa ni kweli. Lakini mbegu moja ya limau, sawa na ya huu mti wa miiba, aghalabu hutoa miche miwili au zaidi, na mingi ni nakala ya mama. Ni michache tu inayotokana na chavua. Hiyo michache ndiyo ya kuwindwa kitaluni: iliyodumaa, iliyorefuka kuliko wenzake, yenye jani la umbo jingine. Mtu anayechagua kikonyo kwa makini kisha akasia mbegu za limau lolote la sokoni, bila kung'oa hata mche mmoja, amefanya nusu ya kazi.

Pingamizi la muda lina uzito zaidi. Mche wa mbegu hukaa miaka mingi ukiota miiba tu kabla ya kuzaa, kwa hiyo anayetaka machungwa ya kuuza abebeshe, sibishani naye. Ua na shina la chini havingoji tunda.

Tofauti kubwa iko mkononi, katika kuitunza mbegu. Huku mbegu za mti wa miiba huoshwa ute, huchanganywa na mchanga mbichi na kuwekwa kwenye friji wiki kadhaa, au chungu huachwa nje kipigwe na baridi hadi joto lirudi. Nyumbani mbegu ya limau haihitaji baridi, inahitaji haraka. Mazoea ya kuanika mahindi na maharage juani yakihamishiwa kwenye limau, mbegu hukauka ikafa.

Kuusafirisha huo mti wa miiba wenyewe kwenda kwetu ni wazo nisilolipenda. Hauelewani na udongo wa chokaa, na pwani yetu imejaa matumbawe; tena kusini-mashariki mwa Marekani umetoroka bustanini na kuvamia misitu. Mlimau tunao, na unatutosha kwa kazi hiyo, mradi mti mama uchaguliwe kwa macho yaleyale yanayochagua kikonyo.