Kifutu Hakimbii

Nyanya yangu aliumwa kando ya Mto Tarach, pale Kakuma, akiokota kuni kwenye mathenge, ile miti ya miiba iliyoletwa kuzuia jangwa. Hakukosea njia. Ni ileile ya kila siku.

Nyoka wengine wakisikia hatua zako wanatoroka. Kifutu hutulia tu, rangi yake ni majani makavu na changarawe, akingoja panya apite. Anaweza kungoja siku kadhaa. Nyanya anasema alisikia pumzi, halafu moto.

Simba, mbwa wetu, alikuwa ametangulia. Alipita palepale bila hata kusimama, na kwa miaka mingi nilimlaumu. Juzi, niko Lodwar, nikasoma kwa simu kwamba mwaka 2015 watafiti wa Afrika Kusini walichapisha jambo: mbwa waliofunzwa kunusa nyoka walishindwa kutambua harufu ya kifutu. Pole, Simba.

Zahanati ya kwanza haikuwa na dawa ya sumu. Tukakodi gari hadi Lodwar, kilomita kama 120, mguu ukivimba tukiutazama. Alipona, lakini vidole viwili vilikatwa.

Bado anaenda kuokota kuni. Si lazima tule? Siku hizi anagongagonga chini kwa fimbo kabla ya kuinama.

Binamu zangu walitaka kurudi kumuua. Nyanya, kitandani, akawauliza, "Mtamwonea wapi?"