Nani Yumo Ndani ya Jitu la Chuma?

Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii inawafaa sana wasomi wa fasihi ambao, wakisikia filamu za vibonzo zikitajwa, hucheka na kusema kuwa hayo ni mambo ya watoto. Mjini Garissa yupo mwalimu mmoja wa Kiswahili, mwenye umri wa miaka arubaini na ushei, ambaye hakubaliani nao kamwe. Kwa zaidi ya miaka thelathini amekuwa mpenzi wa vibonzo vya Kijapani vinavyosimulia habari za majitu ya chuma yanayoendeshwa na binadamu, aina ambayo Wajapani huiita meka. Sebuleni mwake, kando ya kamusi na diwani, pana rafu iliyojaa roboti za kuchezea. Wageni humwuliza ni za mtoto yupi. Yeye hujibu, bila kuona haya, kuwa ni zake. Maoni yake juu ya sanaa hii yanastahili kusikilizwa, kwa kuwa hayakuzaliwa Tokyo wala Nairobi, bali ukingoni mwa Mto Tana.

Mapenzi hayo yalianza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Abti wake, yaani mjomba wake, aliyekuwa akifanya kazi Jeddah, alirudi likizoni na kanda za video. Katika kanda hizo mlikuwa na UFO Robot Grendizer, kazi ya Go Nagai iliyoonyeshwa Japani kati ya mwaka 1975 na 1977 kwa vipindi 74. Ilitiwa sauti za Kiarabu nchini Lebanoni na kuanza kuonyeshwa huko mwaka 1979, wakati nchi hiyo ikiungua kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, kisha ikaenea katika nchi za Kiarabu hadi Ghuba. Huko haijasahaulika: mwaka 2022 mjini Riyadh ilizinduliwa sanamu ya Grendizer yenye urefu wa zaidi ya mita 33. Watoto wa mtaa walijazana mbele ya runinga ya abti. Kiarabu chao kilikuwa cha madrasa, wala hawakufuata kila neno, lakini kisa walikielewa vyema.

Ni kisa gani? Duke Fleed ni mwana wa mfalme ambaye sayari yake imeteketezwa na majeshi ya Vega. Anatorokea duniani, anapokelewa na mwanasayansi mwema, anapewa jina jipya, na anaishi kwa kufanya kazi katika shamba la mifugo. Mkimbizi na mchungaji! Mtoto wa Garissa hakuhitaji kufafanuliwa habari hiyo. Mwaka 1991 serikali ya Somalia ilianguka, na kambi za Dadaab zikafunguliwa umbali wa kilomita mia moja hivi kutoka mjini. Watu waliokuwa na ngamia na nyumba jana, leo walikuwa wakipanga foleni ya unga.

Ikumbukwe vilevile kuwa Kaskazini Mashariki ilikuwa imeishi chini ya sheria za hali ya hatari tangu enzi za vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, na sheria hizo ziliondolewa mwaka 1991. Wazee wa mji walikuwa bado wanausimulia kwa sauti ya chini moto wa Novemba 1980 uliopewa jina la Garissa Gubai, wakati wa operesheni ya wanajeshi. Kwa mtoto huyo, mashine kubwa ilikuwa lori la askari; likitokea, watoto hutawanyika. Kwenye runinga ya abti aliona kwa mara ya kwanza mashine kubwa ambayo ndani yake mlikuwa na mtu mwenye kumwonea mnyonge huruma. Tangu siku hizo swali lake limekuwa moja tu: nani yumo ndani?

Swali hili ndilo msingi wa maoni yake yote. Mosi, anashikilia kuwa historia ya sanaa hii ni historia ya binadamu kuingia ndani ya jitu. Mwaka 1956 Mitsuteru Yokoyama alianza kuchora Tetsujin 28-go, hadithi ya roboti iliyoongozwa kwa mbali na mvulana mwenye rimoti. Roboti hiyo haikuwa na wema wala ubaya. Aliyeishika rimoti ndiye aliyekuwa bwana wake, hata akiwa jambazi. Mwaka 1972 Go Nagai alimtia rubani ndani ya kichwa cha Mazinger Z. Katika kisa hicho babu anamwachia mjukuu wake jitu la chuma pamoja na onyo kuwa akilitumia atageuka mungu au shetani. Kwa maoni ya mwalimu, hapo ndipo fasihi ilipoanza. Mwenye rimoti hukaa mbali na asidhurike, ilhali rubani huumia pale mashine inapopigwa. Kosa la mashine ni kosa lake, na jeraha la mashine ni lake pia.

Kisha, mwaka 1979, ikaja Mobile Suit Gundam ya Yoshiyuki Tomino. Hii ndiyo anayoipenda kuliko zote. Rubani wake, Amuro Ray, ni kijana wa miaka 15 anayeingia katika jitu hilo kwa sababu mji wake unashambuliwa. Adui zake si mazimwi, bali ni watu wenye majina, wake na kiu ya kurudi kwao. Katika kipindi kimoja Amuro anakutana na mamake baada ya muda mrefu. Mama anashuhudia mwanawe akimpiga mtu risasi, naye anashindwa kumtambua mtoto aliyemzaa. Mwalimu husema kuwa kipindi hicho kimoja kinawashinda mashujaa wengi wanaoua mamia bila kumwaga chozi.

Wanafunzi wa fasihi simulizi watavutiwa zaidi na hoja yake ya pili. Mto Tana unaopita Garissa humwaga maji yake baharini karibu na Kipini, na hiyo ndiyo nchi ya Fumo Liyongo. Katika masimulizi ya pwani, na katika utendi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, Liyongo ni jitu lisilodhurika kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ikimchoma kitovuni. Mwalimu huwakumbusha wanafunzi wake kuwa Gundam nayo imefichwa uhai wake tumboni, kwani ndipo alipokaa rubani. Je, si ajabu kwamba watunzi wawili wasiojuana, mmoja wa Lamu na mwingine wa Japani, waliuweka udhaifu wa jitu mahali pale pale ambapo mama humfungia mwana?

Mlinganisho haukomi hapo. Liyongo alisalitiwa na mwanawe mwenyewe, aliyedanganywa kwa ahadi ya ndoa. Katika Neon Genesis Evangelion ya Hideaki Anno, iliyoonyeshwa mwaka 1995 na 1996, mambo yamepinduliwa: baba ndiye anayemwita mwanawe, ambaye hajamwona kwa miaka mingi, ili amtie ndani ya jitu na kumpeleka vitani. Katika visa vyote viwili jitu linaangamizwa na kile kilichovunjika nyumbani, si na nguvu za adui.

Tena kuna mwisho wa Liyongo. Alikufa amepiga goti karibu na kisima, upinde wake umevutwa, na watu wakakaa na kiu kwa siku nyingi wakidhani yu hai. Katika kipindi cha 43, kilicho cha mwisho, Gundam iliyokatika kichwa na mkono inainua bunduki na kufyatua kuelekea juu. Ndani yake hamna mtu, Amuro ameshatoka. Mwili mtupu ulioshika silaha bado unatisha. Hili, asema mwalimu, ndilo funzo kuu la masimulizi yote mawili, nalo lingefaa kufundishwa hadharani katika eneo ambalo watu wake wamewahi kuogopa silaha bila kujua nani aliyezishika.

Kuhusu Transformers, mpenzi huyu ni mkali. Roboti hizo, zilizouzwa na Hasbro kuanzia mwaka 1984 kutokana na vichezeo vya Takara ya Japani, hazina rubani. Zina akili na uhai wake zenyewe. Anakiri kuwa ni werevu mkubwa kulifanya lori liinuke na kuwa shujaa. Hata hivyo, hakusahau kuwa katika filamu ya mwaka 1986 Optimus Prime aliuawa kwa sababu rafu za maduka zilihitaji vichezeo vipya. Watoto walilia, na kampuni ikalazimika kumrudisha. Shujaa anayekufa ili kupisha bidhaa, kwa maoni yake, hakufa, ameondolewa stoo.

Ingekuwa dhuluma, lakini, kudai kuwa biashara imeharibu kila kitu. Gundam yenyewe ilifadhiliwa na kampuni ya vichezeo, Clover, na vichezeo vilipokosa kununuliwa, vipindi vilivyopangwa kuwa 52 vikakatwa vikawa 43. Kilichoiokoa ni kichezeo kingine. Mwaka 1980 Bandai ilianza kuuza vipande vya plastiki ambavyo mnunuzi huviunganisha mwenyewe. Roboti ndogo ya kipimo cha 1 kwa 144 iliuzwa kwa yeni 300. Kabla ya hapo, mwaka 1974, kampuni ya Popy ilikuwa imetoa Mazinger Z ya aloi ya zinki, nzito mkononi kama kufuli. Wapenzi wengi duniani huisifu ile ya madini. Mwalimu huichagua ya plastiki, kwa kuwa aliyeiunganisha kipande kwa kipande anajua kila kiungo chake, jinsi fundi wa ngalawa ajuavyo mbao zake.

Roboti yake ya kwanza haikuwa ya Bandai. Ilinunuliwa Eastleigh, Nairobi, katika Garissa Lodge, nyumba ya kulala wageni iliyogeuzwa kuwa soko la bidhaa kutoka Dubai. Ilikuwa ya kuigiza, jina lake limeandikwa makosa, mkono mmoja umelegea, ikasafiri kilomita zipatazo 370 ndani ya mfuko wa nguo. Bado iko rafuni, mahali pa mbele. Hawaelewi wale wanaonunua roboti na kuiacha katika kasha lisilofunguliwa ili bei ipande. Jitu ambalo halijawahi kushikwa na mtoto, asema, ni jitu lisilo na rubani. Anawaheshimu zaidi watoto wa ukingo wa Tana wanaofinyanga ng'ombe na malori kwa udongo wa mto, ijapokuwa kazi yao hupasuka jua likizidi.

Jirani yake mmoja, sheikh mwenye hekima, aliwahi kumwuliza iwapo rafu ile haikukaribia kuwa ya masanamu. Swali hilo si la kubezwa katika mji wa Waislamu. Mwalimu alimkumbusha hadithi iliyomo katika mkusanyiko wa Abu Dawud, kuhusu Bi Aisha na vichezeo vyake, kimojawapo kikiwa farasi mwenye mbawa, na jinsi Mtume alivyocheka alipoelezwa habari zake. Sheikh alitabasamu, akasema: "Basi vichezewe, Mwalimu. Visikae kuangaliwa tu." Tangu hapo rafu haina kioo, na watoto wa jirani huingia na kutoka.

Limesalia jambo zito kuliko yote. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi walivamia Chuo Kikuu cha Garissa, wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Wiki hiyo mwalimu alizichomoa bunduki ndogo za plastiki mikononi mwa roboti zake zote, akazitia katika kopo la majani ya chai. Hazijarudi hadi leo. Je, ameiacha sanaa ya vita? La hasha. Bado anatazama na kufundisha kwayo. Ila ameweka sharti: kisa kinachoonyesha silaha bila kuonyesha mama anayelia hakiingii darasani mwake, kiwe cha Kijapani au cha Kiswahili.

Matunda ya sharti hilo yalionekana alipowapa wanafunzi wa kidato cha pili insha juu ya jitu la chuma. Wengi waliandika vita. Msichana mmoja aliyekulia Dadaab aliandika jitu linalopiga goti kisimani ili wazee wapande mgongoni mwake wateke maji, na rubani wake alikuwa bibi yake, ayeeyo. Hapakuwa na adui katika insha nzima. Mwalimu alikaa nayo usiku mzima, kwani mwongozo wa kusahihisha ulidai mgogoro. Mwishowe alimpa alama 17 kwa 20, akaandika pambizoni kwa wino mwekundu: "Kiu ndiyo adui."

Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana la kuokota hapa. Tumezoea kulinganisha Liyongo na mashujaa wa Ugiriki, na hilo ni jema. Lakini kizazi kinachoingia vyuoni sasa kimelelewa na majitu ya Japani, tena wengine waliyafahamu kwa Kiarabu kabla ya Kiingereza. Tukiyadharau majitu hayo, tutabaki na nadharia zetu nao wabaki na mapenzi yao, pasiwe na wa kumfundisha mwenzake. Tukiyakaribisha darasani, tuyaulize lile swali la mwalimu wa Garissa, na tuliulize pia kila shujaa tunayemsifu katika lugha yetu: ndani ya nguvu hizi zote, nani yumo?